“That” kwa watu si kosa la Kiingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nitoe maoni kuhusu makala iliyotoka hivi karibuni katika safu yenu ya lugha, ambamo mwandishi aliwaonya wasomaji kwamba ni kosa katika Kiingereza kumrejelea binadamu kwa neno “that”, na kwamba anayeandika “the woman that called” badala ya “the woman who called” amemvunjia mwanamke huyo heshima kwa kumweka kundi moja na viti na meza. Onyo hilo limetolewa kwa nia njema, na najua kwamba mwandishi hakulizua yeye. Linafundishwa madarasani, linarudiwa maofisini, na siku hizi hata baadhi ya programu za kusahihisha maandishi kwenye kompyuta huipigia mstari sentensi ya aina hiyo. Hata hivyo si kweli, na kwa kuwa wasomaji wenu wengi hutumia Kiingereza kuandika barua za kazi, ripoti na maombi ya masomo, wanastahili kuelezwa jambo lenyewe lilivyo.

Nianze kwa kukubali yaliyo sahihi katika makala ile. Katika Kiingereza cha leo neno “which” halimrejelei mtu, na anayeandika “the doctor which treated me” amekosea bila ubishi. Ni kweli pia kwamba “who” ni neno la watu, na kwamba mwandishi anayelitumia kila mara mtu anapokuwa mtenda katika kishazi, yaani sehemu ya sentensi yenye kitenzi chake, hatakosolewa na yeyote. Makala inakwenda kombo pale inapochukulia kwamba, ikiwa “who” ni la watu na “which” ni la vitu, basi “that” nalo lazima liwe na upande wake, na upande huo uwe wa vitu. Neno “that” halina upande. Linarejelea watu, linarejelea vitu, na limekuwa likifanya hivyo tangu kabla “who” halijaanza kutumika kama kirejeshi, yaani neno la kuunganisha kishazi na nomino inayorejelewa.

Jambo hilo la mwisho huwashangaza wengi, kwa hiyo naomba nilieleze. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichozungumzwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, neno lililokuja kuwa “who” lilikuwa la kuulizia, kama “nani” lilivyo kwetu, wala halikuwa na kazi ya kuunganisha kishazi na nomino iliyotangulia. Kazi hiyo ilifanywa na neno fupi lisilobadilika umbo, ama peke yake au likiandamana na maneno ya kuonyesha, na neno hilo lilipofifia nafasi yake ilichukuliwa na “that”, kwa watu, kwa wanyama na kwa vitu vilevile. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 14, anapotuambia kwamba mahujaji wake wanakwenda Canterbury kumzuru shahidi mtakatifu aliyewasaidia walipokuwa wagonjwa, kirejeshi anachomtajia mtakatifu huyo ni “that”. Sidhani kama kuna msomaji wa zama zake aliyeona kwamba mtakatifu amelinganishwa na fanicha.

Maumbo “whom” na “whose” yalianza kazi ya urejeshi mapema kidogo, lakini “who” lenyewe lilichelewa. Katika barua za karne ya 15 linaonekana hasa kwenye maneno ya kumalizia, pale mwandishi anapomkabidhi mwenzake kwa Mungu, na ni katika karne ya 16 ndipo lilipoanza kuenea kwa wanadamu wa kila namna. Hata baada ya hapo mambo hayakuwa yamekaa sawa. Biblia ya mwaka 1611, ile inayojulikana kwa jina la Mfalme James, inaanza Sala ya Bwana kwa maneno “Our Father which art in heaven”. Sisi tunasema “Baba yetu uliye mbinguni”, na kiambishi “-ye” hakituachii shaka kwamba anayetajwa ni nafsi hai, lakini wafasiri wale waliridhika na “which” hata kwa Mungu mwenyewe. Kitabu cha sala cha Waanglikana wa Marekani cha mwaka 1789 kiliandika “who art”, kwa sababu wakati huo “which” kwa watu lilikuwa limeshachakaa masikioni. Kwa hiyo mpaka kati ya “who” na “which” tunaoufundisha kana kwamba ulikuwapo tangu azali una umri wa karne chache tu. Katika muda huo wote “that” halikutoka mahali pake, na Shakespeare aliweza kuandika “The man that hath no music in himself” bila kuhitaji kumtetea mtu huyo asiyejua muziki dhidi ya kirejeshi chake.

Malalamiko dhidi ya “that” nayo yana historia yake, tena ya kuchekesha. Mwaka 1711 mwandishi Richard Steele alichapisha katika gazeti la The Spectator ombi la kubuni ambamo “who” na “which” wanajitokeza kama waungwana walioonewa, wakilia kwamba “that”, mtu wa kuzuka tu, amewanyang’anya nafasi zao. Mzaha ni mzuri, ila historia ameigeuza juu chini, kwa maana wanaolalamika ndio wageni na anayeshtakiwa ndiye mwenyeji. Nusu karne baadaye, mwaka 1762, Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa Askofu wa London, aliandika katika kitabu chake cha sarufi kwamba “that” hutumika kwa watu na kwa vitu bila ubaguzi, kisha akaongeza kwamba labda lingefaa zaidi kubakizwa kwa vitu. Naomba wasomaji waliangalie vizuri hilo “labda”. Lowth alikuwa anapendekeza, tena kwa sauti ya chini, baada ya kukiri kwanza kwamba matumizi yaliyozoeleka ni mengine. Ila pendekezo la namna yake ndilo linalofundishwa leo kama marufuku. Waandishi wenyewe hawakulifuata. Mwaka 1899 Mark Twain alikipa kisa chake jina “The Man That Corrupted Hadleyburg”, na huyo hakuwa mtu wa kuchagua maneno kwa uzembe.

Kwa nini basi onyo hili linaendelea kuaminiwa? Kwa maoni yangu ni kwa sababu kanuni tatu tofauti zimechanganywa zikawa moja. Ya kwanza inahusu mtu na kitu, nayo inalitenga “who” na “which” peke yao. Ya pili inahusu mkato, yaani kama kishazi kinatusaidia kumtambua anayesemwa au kinaongeza habari tu juu ya mtu ambaye tayari tunamjua. Ya tatu inahusu nafasi ya anayerejelewa ndani ya kishazi, kama ni mtenda au mtendwa, na hiyo ndiyo inayotuletea “whom”. Mwanafunzi husikia kwamba “that” na “which” lazima vitofautishwe, jambo ambalo H. W. Fowler alilipigia debe katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926 kwa kupendekeza “that” kwa vishazi vya kutambulisha na “which” kwa vishazi vya nyongeza. Fowler mwenyewe alikiri palepale kwamba isingekuwa kweli kudai kwamba waandishi wengi, au waandishi bora, ndivyo walivyokuwa wakifanya. Lakini mwanafunzi hubaki na kumbukumbu kwamba “that” na “which” ni maneno ya kundi moja, na kwa kuwa “which” ni la vitu, huhitimisha kwamba “that” nalo ni la vitu. Kanuni ya mkato imegeuka kuwa kanuni ya utu.

Ipo pia miongozo ya vyumba vya habari. Shirika la habari la Associated Press la Marekani huwaelekeza waandishi wake watumie “who” kwa watu na kwa wanyama waliopewa majina, na “that” au “which” kwa vitu na kwa wanyama wasio na majina. Mwongozo wa namna hiyo una faida, kwa kuwa waandishi wengi wanaochangia chapisho moja wanahitaji kuandika kwa mkono unaofanana, nami sina ugomvi nao. Gazeti lolote linaweza kuamua hivyo kwa ajili ya kurasa zake. Lakini mtindo wa nyumba si sarufi ya lugha, na kamusi kubwa za Kiingereza, Merriam-Webster ikiwa mojawapo, zinaeleza bila kigugumizi kwamba “that” kwa watu ni matumizi sanifu. Makala yenu ingesema kwamba wahariri wengi hupendelea “who”, nisingeshika kalamu.

Kuna ushahidi mwingine ambao hauhitaji historia wala kamusi, nao ni kwamba zipo sentensi za Kiingereza zinazomhusu mtu ambamo “who” haliwezekani kabisa. Chukua sentensi “He is not the man that he was”, ambayo maana yake ni kwamba amebadilika, si yule tuliyemzoea. Ukiweka “who” mahali pa “that” sentensi inavunjika, na mzungumzaji yeyote mzawa wa Kiingereza ataisikia imevunjika hata kama hawezi kueleza sababu. Sababu yenyewe ni kwamba kirejeshi hapo hakimtaji mtu anayetenda wala anayetendwa, bali kinataja hali aliyokuwa nayo. Ni kwa sababu hiyohiyo kwamba unaweza kuandika “They called him a coward, which he was not”, ukatumia “which” baada ya nomino ya mtu bila kosa lolote, kwa maana kinachorejelewa ni sifa ya uoga. Chukua tena swali lenye “who” mwanzoni, kwa mfano “Who that has met her could forget her?” Kirejeshi kinacholifuata kikiwa “who” nacho, msomaji atajikwaa kwenye maneno mawili yanayofanana yanayofanya kazi mbili tofauti, ndiyo maana Waingereza huona “that” ndilo la kawaida hapo. Kama “that” lingekuwa tusi kwa mtu, lugha isingelilazimisha mahali kama hapo.

Baada ya kusema hayo yote sitaki nieleweke kwamba maneno haya ni sawa kila mahali na mtu ajichagulie apendavyo. “That” lina mipaka yake, na mpaka wa kwanza ni mkato. Kishazi kinachoongeza habari juu ya mtu aliyekwisha kutambulika hutengwa kwa mikato, na ndani ya mikato hiyo Kiingereza cha leo hakikubali “that”. Huandiki “Shakespeare, that was born in Stratford”, unaandika “who” tu. Hapa ndipo ningependa safu yenu itumie wino mwingi zaidi, kwa sababu mkato huo hubadilisha maana kwa namna ambayo Kiswahili hakituzoeshi kuiona. Anayeandika “My brother who lives abroad sent the money” bila mikato anatueleza kwamba ana kaka zaidi ya mmoja, na aliyetuma fedha ni yule anayeishi ng’ambo. Akiweka mikato, “My brother, who lives abroad, sent the money”, kaka ni mmoja, na kuishi kwake ng’ambo ni habari ya pembeni. Sisi tunasema “kaka yangu anayeishi ng’ambo” katika hali zote mbili, msikilizaji akaachiwa aelewe kutokana na mazungumzo. Katika wosia, mkataba au taarifa ya mashtaka tofauti hiyo inaweza kumweka mtu ndani au nje ya orodha ya warithi, na hakuna kubishana kuhusu “that” kutakakomsaidia aliyeachwa nje kwa sababu ya mkato.

Mpaka wa pili ni wa vihusishi, yaani maneno kama “to”. Unaweza kusema “the officer that I spoke to”, kihusishi kikiwa mwishoni, lakini ukikileta mbele ya kirejeshi lazima useme “the officer to whom I spoke”. “To that” haipo. Mpaka wa tatu ni umilikaji, kwa kuwa “that” halina umbo la kumiliki na “whose” ndilo linalofanya kazi hiyo. Kwa bahati “whose” nalo halibagui. Lowth aliyetajwa hapo juu hakupenda litumike kwa vitu, lakini John Milton alikuwa ameshalitumia kwa mti katika mistari ya kwanza kabisa ya utenzi wake mkuu wa mwaka 1667, na hadi leo kuandika “a house whose roof” ni Kiingereza kizuri. Angalizo dogo tu: lisichanganywe na “who’s”, ambalo ni kifupi cha “who is” au “who has”.

Ndani ya mipaka hiyo chaguo ni la mwandishi, na mimi nina upendeleo wangu. Ninapomtaja mtu maalumu, mwenye jina au anayejulikana, natumia “who”. Ninapozungumzia mtu yeyote wa aina fulani, asiyekuwa na sura, naona “that” linakaa vizuri, kama katika “anyone that wants to learn” au “the sort of person that never replies”. Baada ya maneno ya kupita kiasi, kama “the greatest player that ever lived”, naona “that” lina mdundo ambao “who” halina. Na pale watu na vitu wanapotajwa pamoja, kama “the people and the books that shaped her”, “that” ndilo suluhisho la pekee lisilohitaji kuipindua sentensi. Huu ni upendeleo, si sheria. Mwandishi anayeogopa kwamba barua yake ya maombi ya kazi itasomwa na mtu aliyefundishwa lile onyo, na akatumia “who” kila mahali panapowezekana ili asijitafutie balaa, namwelewa kabisa, ila afanye hivyo akijua kwamba anamkinga msomaji na karaha yake, si kwamba anakiokoa Kiingereza.

Kuhusu “whom” nitasema kidogo. Katika mazungumzo limebaki hasa baada ya vihusishi, na mtu anayeandika “the candidate who we interviewed” hatapata lawama isipokuwa kwa wasomaji wakali sana. Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili, kwa wale wanaoliweka “whom” mahali lisipotakiwa kwa kudhani kwamba lina uungwana zaidi. “The man whom we thought was dead” ni kosa, kwa sababu aliyekufa ndiye kiima cha “was”, na maneno “we thought” yamepachikwa tu katikati. Yaondoe uone kama utaweza kusema “whom was dead”. Anayejikwaa hapo ajue kwamba yuko pamoja na wakubwa, kwa maana ile Biblia ya mwaka 1611 nayo inamfanya Yesu awaulize wanafunzi wake “But whom say ye that I am?”, katika Mathayo 16:15, mahali ambapo sarufi inadai “who”.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naamini linatuhusu sisi zaidi kuliko hayo yote, na ambalo makala haikuligusa hata kidogo. Makosa halisi ya virejeshi yanayowaonyesha wasomaji kwamba mwandishi amefikiri kwa Kiswahili hayatokani na “that”. Yanatokana na ukarimu wa kitenzi chetu. Tunaposema “mwalimu niliyemwona jana”, ndani ya neno moja “niliyemwona” tumemtaja mwalimu mara mbili, kwanza kwa “-ye-” inayomrejelea na pili kwa “-mw-” inayomweka kama mtendwa, na bila hiyo “-mw-” sentensi ingesikika pungufu. Mwandishi akiihamisha tabia hiyo anapata “the teacher who I saw him yesterday”. Kiingereza hakitaki hilo “him”, kwa sababu kirejeshi chenyewe ndicho mtendwa, na nafasi yake baada ya kitenzi inapaswa kuachwa wazi. Matokeo sahihi ni manne: “the teacher whom I saw”, “the teacher who I saw”, “the teacher that I saw”, na “the teacher I saw”, ambamo kirejeshi kimeondolewa kabisa. Mzungumzaji mzawa wa Kiingereza, asipokuwa anaandika jambo rasmi, mara nyingi huchagua hilo la mwisho, na walimu wetu wangelitilia mkazo zaidi, kwani linaumaliza ubishi wa “who” na “that” kwa kuwaacha wote wawili nje. Sharti lake ni kwamba aliyerejelewa asiwe mtenda. Huwezi kusema “the teacher saw me has left” na kutegemea kueleweka.

Kosa hilo lina ndugu zake. “Mtu niliyezungumza naye” hutuzalia “the person who I talked to him”, kwa sababu “naye” yetu inadai mwenzake. “Mama ambaye mtoto wake ni mgonjwa” hutuzalia “the mother who her child is sick”, wakati Kiingereza kina neno moja linalobeba “ambaye” na “wake” kwa pamoja, yaani “the mother whose child is sick”. Nimeshasoma ripoti zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa, ambamo kila “that” la watu limegeuzwa kuwa “who”, na bado hilo “who her” limebaki pale pale likimkodolea macho msomaji. Mwandishi alikuwa ameambiwa aogope kitu kisichouma.

Upande mwingine ni wa wanyama. Ngeli yetu ya A-WA humpokea mbwa kama inavyompokea daktari, tukasema “mbwa anayebweka” na “daktari anayetibu” kwa kiambishi kilekile, kwa kuwa mstari wetu umepigwa kati ya chenye uhai na kisicho na uhai. Mstari wa Kiingereza umepigwa kati ya mtu na kisicho mtu, na mnyama huvuka kwenda upande wa “who” pale tu anayeandika anapomwona kama mwanafamilia. Mtoto mchanga, kinyume chake, wakati mwingine huitwa “it” na kurejelewa kwa “that” hata na watu wanaompenda, hasa jinsia yake isipojulikana. Katika majina ya makundi, “team”, “family”, “committee”, Mwingereza anayewaona wanakikundi mmoja mmoja atasema “the family who live next door”, na anayeiona familia kama kitu kimoja, Mmarekani hasa, atasema “the family that lives next door”. Kosa ni kuchanganya, ukaanza na “which” ukamalizia na kitenzi cha wingi.

Kuna mahali pamoja ambapo Kiswahili kinatupa faida, na ni vyema kulitaja. Umbo la “who” na la “that” halibadiliki kwa umoja wala wingi, kwa hiyo hata wazawa wa Kiingereza hubishana kama waandike “She is one of the doctors who work at night” au “who works at night”. Anayezungumza Kiswahili anaweza kuijaribu sentensi kwa lugha yake: “yeye ni mmoja wa madaktari wanaofanya kazi usiku”. Kiambishi “wa-” kinadai wingi papo hapo, kwa kuwa kishazi kinawahusu madaktari wote, na jibu la Kiingereza linafuata, “who work”.

Kwa hayo naomba safu yenu ichapishe marekebisho kuhusu “that”, hata kama ni mistari michache, na ikiwezekana toleo litakalofuata lishughulikie lile kosa la kumtaja mtu mara mbili, kwa mifano ya kutosha ya “niliyemwona”, “niliyezungumza naye” na “ambaye mtoto wake”, kila mmoja ukiwa na sura zake zote sahihi za Kiingereza pembeni. Wasomaji wanaoandika maombi ya kazi watanufaika na jedwali hilo kuliko na onyo la awali.

Wako katika lugha,
Mwalimu mstaafu wa Kiingereza na Kiswahili